Kwa Jamal Yakubu, Beki wa Barafu

Jamal wetu, ni mwaka mmoja sasa tangu tulipokulaza makaburini, asubuhi ya ukungu ambayo hata mlima haukuonekana.

Ulikuwa mjukuu wangu lakini nilikulea kama mtoto wa tumbo langu. Watu wote wa Majengo walikujua ukiwa na viatu vya magurudumu, ukiteremka barabara ya msikiti huku kina mama mboga wakikukemea. Ulipojifunza mchezo wa magongo ya kwenye barafu kule Nairobi, ukaitwa ng'ambo ulipwe kwa kucheza, jirani yetu Wamae alikucheka. "Ati unapanda ndege kutafuta barafu? Si iko hapo juu mlimani, ya bure." Ukamwambia, "Mzee, ya huko iko na mshahara."

Ulikuwa beki. Siku moja ukinichambulia mchele, maana macho yangu hayaoni mawe tena, ulinieleza kwamba kazi yako si kufunga mabao. Ni kusimama mbele ya watu wakubwa wanaokuja mbio.

Uliporudi ukawa kocha. Hapa Nyeri hakuna barafu ya kuchezea, basi ukawafundisha watoto kwa magurudumu, kwenye uwanja wa saruji. Walikuja hata kutoka Chaka. Ulikuwa mpole kwao, ila jambo moja hukulegeza: mtoto akigongwa kichwa, anaketi. Siku ya fainali Griffins, mchezaji wako hodari, aligongwa, ukamtoa. Baba yake akakujia juu, "Kocha, kijana anasema yuko sawa." Ukamjibu polepole, "Hata mimi nilisema niko sawa." Tulishindwa siku hiyo, na watu walinuna.

Baadaye tukaelewa. Kichwa kilikuuma, majina ya watoto yakakupotea. Ulipotea njia ya Chaka uliyoizoea, ukaletwa nyumbani na polisi. Daktari alisema ni yale mapigo ya ng'ambo, ulipokuwa ukigongwa na kurudishwa mchezoni kabla hujapona. Mwishoni ulikuwa ukimwita mkeo Rehana kwa jina la mama yako, naye akiitika.

Sasa tuko na shida, na nakueleza mbele ya watu. Binti yako Samiha anataka kucheza, tena anataka ubeki. Rehana amefungia viatu kabatini. Ndugu yako Yasin anasema hatazika mwingine. Neno la mwisho wameniachia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wa nyumba.

Nilimwita mtoto nikamuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa, Nyanya. Lakini mimi nikigongwa nitaketi. Baba hakuna mtu alimwambia aketi."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, Jamal. Kisha nikakata neno.

Jumapili hii atacheza. Rehana amesema hawezi kutazama, na simlaumu. Mimi nitakuwa pale ukingoni mwa uwanja na mkeka wangu. Nimemwambia Samiha, "Nikikuita utoke, hata kama mnashinda, unatoka." Amekubali.

Tuombee, nasi tunakuombea. Unakumbukwa na mkeo Rehana, binti yako Samiha, ndugu yako Yasin, watoto wote uliowafundisha, na mimi nyanya yako Rukaya. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hakuna siku tutakusahau.