Habari za Fundi Saa na Kanisa Letu la Kinyozini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumatano, tarehe 17.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini nyote mko wazima, na kile kikohozi cha mdogo wao kimepata nafuu. Huku hatujambo kwa miili. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, ila akisikia kuna mgonjwa mtaa wa tatu, magoti yanapona ghafla. Mimi ni mzima na cherehani yangu nayo ni nzima, ingawa wiki hii nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia mara mbili. Ukiona hivyo ujue kichwa hakipo.

Nimechelewa kukujibu. Uliniuliza mambo mawili: kanisa letu jipya linaendeleaje, na Fundi Saa hajambo? Nilitaka kukujibu la kwanza kwa kurasa nne na la pili kwa mstari mmoja. Sasa yamekuwa habari moja, na kila nikishika kalamu naona aibu.

Nianze na Fundi. Tarehe 3 alianguka ngazini akitoka kazini, akavunjika mfupa wa nyonga. Amelazwa hospitali kuu, wodi ya mifupa. Najua utaumia kuisikia habari hii leo, wiki mbili baadaye, wewe ambaye alikufundisha kushika kibano kabla hujaota ndevu. Na nakumbuka siku unaondoka uliniomba jambo moja tu, nikuangalizie Fundi wako. Nisamehe, kaka. Nitakueleza yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Kanisa letu unalijua kwa kusimuliwa tu. Tuko kumi na tisa, bila kumhesabu Fundi. Tunakutana Jumapili asubuhi kwenye duka la Kinyozi, kwa sababu siku hiyo hafungui. Tunafagia nywele za Jumamosi, tunasogeza viti, tunasoma Neno, tunaimba taratibu maana jirani ana mtoto mchanga, kisha tunakula pamoja. Vioo viko kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo anayesinzia anaonekana mbele na nyuma. Watu wa mtaani wanatuita Wanyolewa, na sisi tumelizoea jina.

Fundi alitufuata kutoka kanisa la mama, mzee peke yake katikati ya vijana. Alisema huko kwa wazee wenzake amechoka kuzungumzia dawa za mgongo. Tulimpa kile kiti kikubwa cha kunyolea, na kila Jumapili ilibidi mtu amkanyagie pedali apande juu kidogo, naye anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kutoka.

Jambo tulilojivunia kuliko yote ni kwamba hatukuwa na wazee wa kanisa, wala kamati, wala lile daftari la mama la zamu za kutembelea wagonjwa. Unalikumbuka, lenye jalada la plastiki, anayekosa zamu anatajwa mbele za watu. Sisi tulisema kila mtu ni mchungaji wa mwenzake. Mimi ndiye niliyelisema kwanza, na nililisema mbele ya mama, kwa sauti ya juu, nikijiona nimesoma.

Basi Fundi alipoanguka, Kinyozi akaandika kwenye kundi letu la simu. Dakika kumi hazikupita, kundi lilijaa: tunakuombea Fundi, Mungu akuinue baba yetu, na vile vipicha vya mikono ya kuomba vimepangana kama askari. Nami niliandika. Nilikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza, nikajiambia Kinyozi atakwenda, duka lake na hospitali ni pua na mdomo. Kinyozi akajiambia nitakwenda mimi, kwa kuwa Fundi ni kama mtu wa nyumbani kwetu. Mwalimu wa hesabu alijua wanawake watakwenda. Wanawake walijua mwalimu yuko likizo. Jumapili tulimwombea karibu na kiti chake kitupu, na hakuna aliyeuliza nani amekwenda. Kuomba niliomba kila siku, kaka, hilo sikudanganyi. Kwenda sikwenda.

Wakati huohuo nilikuwa nimealikwa mkutano wa viongozi vijana wa Kikristo, Ijumaa mpaka Jumapili iliyopita, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu hapa mjini. Walitafuta watu wanaojaribu kuwa kanisa kwa namna mpya. Tulikuwa kama sitini. Kijana mmoja ana ibada kwenye gereji ya malori. Mwingine hukutana na mafundi umeme wenzake saa ya chakula cha mchana, dakika ishirini tu, wamekaa juu ya mabunda ya waya. Dada mmoja anaongoza ibada ya viziwi, akatuonyesha wimbo wao, ukumbi mzima ukaimba kwa mikono bila sauti, nikalia. Nilifurahi, sikufichi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeniuliza kwa nini tumewakimbia wazazi wetu.

Ijumaa mchana nikapewa nafasi ya kueleza habari zetu. Nikaeleza kinyozi, vioo, chakula, kila mtu mchungaji. Wakacheka, wakapiga makofi. Mratibu wa mkutano, kijana mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni, akaniuliza nitoe mfano: mtu akipatwa na shida inakuwaje? Sikufikiri hata kidogo. Nikasema tunaye mzee wetu yuko hospitali sasa hivi, na wenzangu wanapishana kitandani kwake. Nilisema hivyo kaka, na niliamini ninachosema. Mratibu akachukua kalamu nene, akaandika kwenye karatasi kubwa ukutani: HAKUNA ZAMU, KUNA UPENDO.

Jumamosi habari ile ilikuwa imeshatiwa chumvi. Kwenye kikundi chetu cha majadiliano nilimsikia kijana wa gereji akiwasimulia wengine kwamba wako vijana fulani wanakesha na mzee wao, hawamwachi hata ageuke peke yake. Mmojawapo wa waliosimuliwa alikuwa nesi, dada mpole, alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa sababu Ijumaa alikuwa kazini. Aliniangalia sana. Tulipotoka kunywa chai ya jioni akanivuta pembeni, karibu na mabomba ya kunawia.

"Dada, mzee wenu ni yule fundi wa saa? Kitanda cha dirishani?"

Nikasema ndiye, nikamuuliza kwa furaha kama amewaona wenzangu.

"Samahani, sitaki kukuaibisha. Mimi niko wodi ile. Anakuja mama mmoja na wenzake wawili, siku moja moja. Vijana sijawaona. Kila ikikaribia saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, ananiomba nimgeuze atazame mlango."

Kaka, nilibaki nimeshika kikombe. Yule mama alikuwa mama yetu; tangu nihame kanisa lake hatuzungumzi habari za wagonjwa. Nikaanza kuwapigia simu wenzangu mmoja mmoja pale pale kwenye mabomba. Kila mmoja alisema nilidhani umekwenda wewe. Nilipofika wa tisa niliacha kupiga. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha, na mlinzi wa lango la hospitali ile hajui kuombwa.

Jumapili asubuhi nikaomba nafasi ya kusema. Niliwaambia kwamba lile nililosema Ijumaa si kweli, kwamba mzee wetu amelala siku kumi na moja na hakuna hata mmoja wetu kumi na tisa aliyekanyaga pale, na kwamba hatukumchukia, tulimpenda wote kwa pamoja mpaka akakosa mtu. Kisha nikaenda ukutani nikaibandua karatasi. Haikutoka vizuri, nusu ilibaki.

Usifikiri walinikumbatia. Kijana wa gereji alinuna, akasema kosa ni la watu wachache, si la namna yetu ya kuwa kanisa, na kwamba nimewapa wazee fimbo ya kutuchapia. Mratibu aliniuliza kwa upole kama nisingeweza kulisubirisha jambo hilo, maana mgeni rasmi alikuwa njiani. Dada wa viziwi peke yake alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu. Sikungoja sala ya kufunga. Nilichukua mkoba wangu nikaenda hospitali, nikangoja langoni mpaka saa kumi.

Fundi amepungua. Mkono wake ule uliokuwa hautikisiki akishika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga, sasa unatafuta kikombe na kukikosa. Daktari anasema hawawezi kumpasua mpaka kifua kitulie, na kwa umri wake hawaahidi kitu. Aliponiona alifurahi kana kwamba tuliagana jana. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza, akaniuliza mkutano ulikuwaje na kama chakula chao kilikuwa na chumvi.

Hapo mama akaingia, na chupa yake ya chai.

"He, leo umekuja jioni?" akaniambia. "Si Fundi anasema nyinyi huja asubuhi, mkielekea kazini?"

Nikamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama dirishani, ameingiwa na hamu ya ghafla ya kuangalia paa la jengo la pili. Nikaelewa. Siku zote zile alikuwa anawaongopea watu kwa ajili yetu, alinde heshima yetu, ili mama na wenzake wasiseme wale vijana wa kinyozini hawana maana. Ningeweza kunyamaza. Mbele ya watu sitini wageni nilikuwa nimeweza kusema, lakini mbele ya mama ulimi uliganda. Mwishowe nikasema, "Mama, hatujaja. Hata siku moja."

Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa tayari kwa hilo, hata nililihitaji. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, chupa bado iko mkononi, akamwambia Fundi polepole, "Wewe mzee. Ningejua, si ningekuja kila siku?"

Maana hakwenda kila siku, kaka. Kwa kusikia kuna vijana asubuhi, alijipa nafuu ya magoti, akawa anaruka siku. Fundi alifumba macho, akasema alitaka tu tusisemwe. Tukakaa watatu bila kuangaliana mpaka kengele ikalia. Tukirudi nyumbani mama hakutaja lile daftari, na kwa kweli ningeona afadhali angelitaja.

Jumatatu tulikutana kinyozini, wote. Nilidhani tutalia pamoja na kupanga. Tuligombana. Nilisema tuandike majina, nani siku gani. Mwalimu wa hesabu akasema orodha ni mwanzo wa kamati, na kamati ikishakaa itataka ofisi. Wengine wakaona nimewaaibisha mkutanoni bila kuwauliza, na hapo wana haki. Kinyozi alilia waziwazi, akasema yeye atakwenda tu, hataki kuandikwa. Tulitawanyika bila kuafikiana, viti vimebaki katikati ya duka. Sijui kama Jumapili tutakuwa kumi na tisa. Naogopa, kaka. Nilitoka kanisa la mama kwa sababu nilidhani kule watu wanatembeleana kwa kuogopa daftari. Sasa najiuliza mgonjwa inamhusu nini sababu iliyomleta mtu, ilimradi kiti cha pembeni kina mtu.

Jana nilikwenda tena. Kinyozi alikuwa ametangulia, amemnyoa Fundi ndevu, wodi nzima ikapanga foleni. Kinyozi alipoondoka, Fundi akaniuliza, kama mtu anayeuliza mvua, "Kesho anakuja nani?"

Nilikaribia kusema mmoja wetu atakuja. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza nikasema, "Mimi."

"Na kesho kutwa?"

"Mimi."

"Na hao wengine?"

"Sijui, Fundi."

Alijipapasa kidevu kilichonyolewa. Kisha akasema, "Basi njoo wewe. Saa kumi kamili, siyo saa kumi na dakika tano."

Kaka, mwandikie mzee wako. Andika kwa herufi kubwa, nitamsomea kama macho yatamshinda. Usimwambie kwamba nimekueleza alivyotuficha. Na kama una la kunigombeza, nigombeze mimi peke yangu, usimpitishie mama.

Mama anakusalimu, anasema wifi aongeze nguo za baridi kwa watoto. Shangazi wa nyumba ya pili anakusalimu pia, na Kinyozi anauliza nani anakukata nywele huko. Mbusu yule mkubwa mwenye maswali, na yule kibogoyo wetu. Mungu awafunike usingizini na awaamshe salama, na msikose mtu wa kuwashika mkono siku mtakapoanguka.

Naiacha kalamu hapa. Ni saa tisa na robo, na kutoka kwetu mpaka hospitali kwa miguu ni dakika arobaini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuletea habari za kuumiza,

Dada yako wa cherehani.