Jipe ya Sanduku

Uvira, Jumamosi, siku ya posho

Papa Chance wangu,

Tuko wazima, mihogo imekauka vizuri. Uliniomba niulize wenye jipe kama yako ikiwa ubadilishe hiyo ya sanduku, yenye pembe nne, kwa ile mupya ya kwenye foto uliyotuma. Mama Nyirakamana, anayebeba mupunga wa Luberizi, anasema paa imeinama nyuma, gunia moja litabaki chini. Muzee Semana, mufugaji, aliangalia foto muda murefu, akasema inafanana na ng'ombe aliyekatwa pembe: atamujua namna gani kati ya wengine?

Minye nilicheka sana. Kisha nikamukumbuka mutoto wetu. Ulipoenda Kalemie, Chance alikuwa hajatembea. Nilimuambia jipe ya Papa ni ya sanduku; leo kila moja ya vile ikitokea upande wa Makobola, njia ya kwako, anakimbia akiita, "Papa!" Jana nilimuonyesha foto yako weye. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Nunua ile mupya, sikatai. Lakini kwanza kuja na hiyo ya zamani, ushuke mbele yake, apate kujua uso wako.

Ni minye Noella, ninayekujua hata ukija kwa miguu.