Kiti cha Heshima

Lanet,
3 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku Lanet. Natumaini mguu umepoa na ng'ombe hajaanza tena ule mchezo wake wa kuruka ua. Mimi ni mzima, isipokuwa uchovu. Barua hii nimempa jirani yako Wanjugu sokoni akuletee, kwa sababu simu huisikii, na meseji unasema herufi zake ni kama siafu.

Baba, nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka. Tangu asubuhi hadi jioni niko kwenye kile kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya mwalimu, namwambia mtu aachilie klachi polepole. Akishaelewa anaenda zake na leseni. Mwingine anakaa hapo hapo, anazima injini katikati ya barabara, tunaanza upya. Wote ninaowafundisha wanafika mahali. Mimi nazunguka tu mitaa ile ile na kurudi.

Sasa kuna Mwalimu Jepkosgei. Ni mwalimu mstaafu, mama mpole, na barabarani anaendesha kuliko vijana wengi. Shida yake ni bodi. Mtihani unaanzia hapo: ni meza iliyochorwa mji, ina barabara, hospitali, raundabauti, na unasukuma kigari cha kuchezea huku ukieleza unavyoenda. Ukianguka bodi, gari lenyewe huligusi. Yeye anaanguka kila mara. Darasani kwetu hakosei hata kona moja, lakini akisimama mbele ya mtahini, kushoto anasema kulia. Wiki jana alilia ndani ya gari. Ni mtu wa umri wa marehemu mama, na mimi badala ya kumtuliza nikamwambia, "Mwalimu, si hayo nimekuambia mara mia?" Akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba mimi.

Bosi wangu, Muturi, anasema nimekuwa mkali na wanafunzi wananiogopa. Hajakosea. Sina tena kitu kipya cha kumwambia mtu. Kwa hivyo nimeamua nikija Pasaka sirudi. Nitakupikia, nitakusaidia shambani, tutakaa. Niandalie chumba changu.

Ni mimi binti yako, na mama yako pia,
Wangare


Njoro,
11 Februari 2025

Kwa mama yangu Wangare,

Nakusalimu sana. Nakuita mama kwa haki, maana jina tulilokupa ni la mama yangu, na kunigombeza unanigombeza kama yeye. Mguu una nafuu. Ng'ombe aliruka ua siku ile ile barua yako ilipofika, ni wewe uliyemtaja. Nimeisoma, nikanywa chai, nikaisoma tena.

Chumba chako kina viazi vya mbegu. Nimevitandaza mpaka juu ya kitanda na vinachipua vizuri, sijui kama mtaelewana. Lakini nyumba ni yako na mimi siwezi kukukataza kuja kwenu. Nataka tu ujue unakuja kukaa na mtu gani.

Masikio yameisha kabisa. Nilikaa juu ya kombaini miaka yangu yote ya nguvu, nikavunia watu ngano kutoka hapa hadi Mau Narok, na mngurumo ule haukutoka kichwani ila kwa kuchukua kila kitu. Ile mashine ndogo ya masikio uliyoniletea inapiga mluzi tu. Kanisani siendi tangu Krismasi. Naona Wanjugu hakukuambia. Unajua sisi wazee tunawekewa viti vyenye mito ya kukalia pale mbele kabisa, chini ya mimbari, na watu wote wanabaki nyuma yetu. Siku hiyo walisimama kuimba, mimi nimekaa. Nilipogeuka nikawaona, nikasimama haraka. Kumbe wameshakaa, wanaomba. Nikabaki wima peke yangu kama nguzo ya stima, macho wazi, hadi mtu akanivuta koti. Vijana wa kwaya walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua, lakini walicheka, na mimi niliumia.

Kwa hivyo nyumba hii tayari ina mtu mmoja aliyejificha. Ukija tutakuwa wawili.

Hiyo bodi sijaielewa. Sisi hatukufanyiwa mtihani wa meza, tulipewa mashine na shamba. Nichoree. Onyesha meza iko wapi ndani ya chumba, wewe unasimama wapi, huyo mama yuko wapi, hospitali iko wapi. Usinieleze kwa maneno, maneno yamenichosha. Chora.

Ni mimi baba yako,
Ndegwa


Lanet,
20 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu tena. Huku tuko salama, ni jua tu na vumbi. Pole kwa yale ya kanisani. Nililia kidogo, halafu nikakasirikia kwaya yote, hata wale ambao hawakuwepo.

Mchoro wako ndio huu. Saa ya chakula nilibaki darasani peke yangu na kalamu. Nikachora meza, mlango, na mimi nimesimama upande wa mlango. Nikachora wanafunzi wamesimama pamoja nami upande huo huo. Halafu nikafika pale ulipouliza huyo mama yuko wapi. Nikachora kiti chake, Baba, na hapo nikaweka kalamu chini.

Siku yake ya kwanza darasa lilijaa. Kiti kilikuwa kimoja tu, na vijana wote wakampisha, kwa sababu mtu mzima hawezi kusimamishwa saa nzima. Kiti hicho kimebanwa na kabati upande wa pili wa meza, kinatazamana na sisi. Tangu siku hiyo ni chake. Akichelewa hakuna anayekikalia, kuna hata msichana anayemfutia vumbi. Kwa hivyo sisi wote tunauona mji kutoka huku, yeye peke yake anauona kutoka kule. Ameushika hivyo: hospitali iko karibu na magoti yake, soko liko mbali. Kwa mtahini anasimamishwa upande wetu. Mji wote umegeuka. Hospitali imeenda mbali, gari lililokuwa likija kwake sasa linamkimbia, na yeye anababaika.

Nilienda nikakaa kwenye hicho kiti. Nimefundisha chumba hicho miaka yote hii na sijawahi kukaa hapo hata siku moja. Mji wangu mwenyewe sikuujua. Nilishika kigari nikaingia raundabauti kwa upande wa kulia, kinyume kabisa, bila mtahini, bila mtu yeyote wa kuniogopesha. Niliona aibu kubwa.

Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini hakusema, alinitazama kama mimi ndiye nisiye na adabu. Akasema, "Wangare, watu wakikupa kiti kwa heshima, utawaambia hakikufai?"

Sasa anasimama na sisi. Mtihani wake ni Machi.

Geuza karatasi uone nyuma. Nimechora kanisa lako. Hicho kiti cha mto ni wewe, na hao wote ni watu usiowaona. Baba, ungekaa nyuma, karibu na mlango, wote wangekuwa mbele ya macho yako. Wakisimama unasimama. Hilo halihitaji masikio.

Usifikiri nimepona. Bado nimechoka na Pasaka iko pale pale.

Binti yako na mama yako,
Wangare


Lanet,
17 Machi 2025

Kwa Baba,

Hujambo Baba? Mguu, ng'ombe, wewe mwenyewe? Nimekaa nikingoja barua na haiji. Wanjugu anasema ulipokea yangu, ukageuza karatasi, ukaikunja ukaenda kufunga ng'ombe ambaye alikuwa amefungwa tayari. Basi nikajua nimekuudhi.

Nisamehe. Najua nani hukaa huko nyuma: wanaochelewa, na akina mama wenye watoto wachanga wa kutoka nje kila saa. Najua ulibeba mawe ya msingi wa kanisa hilo kwa mgongo wako kabla mimi sijazaliwa, na hicho kiti hukupewa bure. Niliandika kama mtu anayechora meza. Kama hutaki kwenda, usiende, lakini usininyamazie. Wewe ukininyamazia, mimi ndiye ninayekuwa kiziwi.

Mwalimu Jepkosgei amepita. Bodi, barabara, yote. Alipofika mezani alimwomba mtahini ruhusa ya kuizunguka kwanza aone mji. Akakubaliwa. Alizunguka polepole, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani wa watoto, kisha akarudi akashika kigari. Aliniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, na Muturi alikunywa nusu bila kuuliza ni cha nani.

Kabati tumelihamisha. Kila darasa jipya nawazungusha meza kabla ya kuwaambia neno lolote, kila mtu aone kutoka kila upande. Ni kitu kidogo. Lakini ni kitu kipya cha kwanza kutoka kinywani mwangu ndani ya chumba kile kwa muda mrefu.

Siku aliyopewa leseni yake alisema lazima anipeleke mahali. Nikafungua mlango wa kushoto kwa mazoea, akanikataza, akaniambia nikae nyuma kama mgeni. Nyuma ya gari letu la kufundishia sikuwa nimekaa hata mara moja. Hakuna breki huko, Baba. Mguu wangu uliitafuta, ukakosa, ukatulia. Tulipopita stage ya matatu za Njoro, huku huku mjini, nilikuwa nimelala. Alinizungusha hadi nikaamka mwenyewe.

Kuhusu Pasaka sijui tena. Sijui kama nataka kuacha kazi au nataka tu kulala. Uniandikie hata mstari mmoja.

Binti yako,
Wangare


Njoro,
8 Aprili 2025

Kwa mama yangu Wangare,

Salamu. Sote wazima, hata yule mruka ua. Mvua imeanza vizuri.

Ni kweli nilikasirika. Nilisema, huyu msichana anataka nikae na wanaochelewa. Mchoro nikauweka chini ya godoro nisiuone. Halafu kila nikilala najua uko chini yangu. Wanjugu alipokuja na barua ya tatu alikaa hapo mlangoni hadi nikamaliza kuisoma, na uso wake ulikuwa mbaya.

Jumapili juzi nilienda. Nilichelewa makusudi, ili nisipelekwe mbele. Nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kando ya mama mmoja mwenye mtoto, na huyo mtoto alinipiga mateke kwenye koti ibada nzima. Mzee mwenzangu alikuja kunishika mkono anipeleke kwenye kiti. Nikamwambia nimepata kwangu. Aliumia, nikamwona, lakini alikubali. Mto wangu sasa anaukalia yeye juu ya wake, amekuwa mrefu.

Nilikuwa sijawahi kuwaona watu wetu kutoka nyuma. Wengi nimewajua kwa shingo. Wengi wamezeeka.

Utaniuliza nilisikia nini. Sikusikia hata neno moja, na hilo bado linaniuma, sitakudanganya. Lakini watu waliposimama, nilisimama. Walipokaa, nilikaa. Walipoinamisha vichwa, nami nikainamisha changu, na hakuna aliyenivuta koti. Nilipotoka nje nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha, mtu mzima mimi.

Kuhusu kazi yako sina la kukuamulia. Umechoka, hilo si uongo, na uchovu hauna aibu. Njoo Pasaka ulale hata siku nne. Viazi vimeingia shambani na kitanda nimekikung'uta. Baada ya kulala ndipo utajua kama ni kazi uliyochoka nayo au ni kiti.

Ukifika Jumapili asubuhi ufunguo uko kwa Wanjugu. Mimi sitakuwa nyumbani.

Mtoto wako, na baba yako pia,
Ndegwa