Mtoro Aliyekuwepo Kazini

Jumatatu, 3 Machi
Mashine ya mahudhurio imefungwa mlangoni. Unaweka kidole, inakusoma, unaingia. Wenzangu wote imewasoma. Mimi — "Jaribu tena." Nikafuta kidole kwenye sketi. "Jaribu tena." Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Viganja vinatiririka jasho, miguu inaogelea ndani ya viatu. Afisa utumishi kasema nisijali, mashine haikosei. Hicho ndicho kinachonitia hofu! Mkataba wangu unaisha baada ya wiki mbili, na siku nisiyosomwa inahesabiwa sikuja.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kaingilia kati. Jana jioni kachemsha majani ya chai, mabeseni mawili: moja la mikono, moja la miguu. Nikakaa humo nusu saa kama nguo zilizorowekwa. "Tulia, dawa iingie," ananiambia, huku yeye anakunywa chai ya kweli. Asubuhi mikono ni ya kahawia na imelowa vilevile.

Jumatano, 5 Machi
Siki. Dada wa mapokezi kauliza nani kaja na saladi. Mashine haikunusa kitu. Haikunisoma pia.

Alhamisi, 6 Machi
Limau na chumvi. Shangazi kanisugua kama sufuria iliyoungua. "Vumilia mwanangu, si unataka kazi?" Na maajabu — mikono mikavu! Mikavu kabisa! Nimefika kifua mbele. "Kidole hakitambuliki." Ngozi imechubuka, alama zote zimekwenda na limau. Nimelia chooni, sifichi. Kisha nikarudi masijala kupanga majalada. Mtoro naye ana kazi zake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeitwa. Afisa utumishi kanisomea barua ya utoro, siku tano mfululizo, mimi nimesimama mbele yake! Nikamwambia, bosi, kila asubuhi si tunasalimiana? Kasema salamu haziingii kwenye mfumo, nilete ushahidi.

Nikaleta. Majalada yote niliyoshika tangu Jumatatu, karibu kila ukurasa pembeni una alama ya kidole kilicholowa. Akafunua moja moja, taratibu.

"Hizi ni zako kweli?"

"Zangu zote!" Kwa fahari kabisa. Mjinga mimi.

Akavuta karatasi nyingine, akaanza kuandika: kuharibu nyaraka za ofisi. Halafu akaniangalia kwa upole. "Sasa chagua, dada. Ulikuwepo, au hukuwepo?"

Ameenda kula. Anataka jibu akirudi. Barua zote mbili ziko mezani, kila moja inasubiri sahihi yangu. Jasho limerudi, hata ukurasa huu umeanza kulowa. Viatu vyake navisikia kwenye ngazi —