Meza Isiyoweza Kuwa Kuni

Kasongo, 11 Februari 2024

Fabrice mwanangu,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Mguu wake bado unamsumbua asubuhi. Mimi macho yangu yanatosha kuandika. Cécilia na watoto wako salama? Nijibu hilo kwanza, kisha ujibu linalofuata.

Pitchou, dereva wa pikipiki anayetubebea barua, amepita hapa. Nikamuuliza habari za kazi yako. Akasema mbele ya watu, "Mwalimu, mutoto wako anatengeneza meza ya useremala kwa vyuma vya sola! Anaikunja kama kitanda cha wagonjwa." Baraza zima likacheka. Nikacheka nao, kwa aibu.

Nilifundisha useremala mpaka nikastaafu, na siku ya ndoa yako nilikupa meza ya mvule ambayo wanaume wanne waliibeba wakitukana. Meza ya seremala ni uzito, Fabrice. Unaposukuma randa, unasukuma na meza pia, na meza nzito inakataa kwenda. Alumini haikatai kitu. Sasa niambie bila kuzunguka: meza ya mvule iko wapi? Kama umeiuza, andika neno hilo.

Papa yako


Kabambare, 3 Machi 2024

Papa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi ni wazima, watoto wanasoma.

Sikuiuza. Waliipikia. Mwaka jana watu wa porini walipoingia na bunduki zao, tulikimbilia Wamaza kwa wazazi wa Cécilia. Kurudi, nyumba imesimama, mbuzi hakuna, na meza yako ni majivu katikati ya kiwanja, mifupa ya mbuzi juu yake. Waliipasua kwa shoka langu mwenyewe. Nikatengeneza nyingine ya mbao. Wakarudi, wakapika tena. Sikukuambia kwa sababu ya presha yako.

Hivyo vyuma ni reli za alumini za Bulaimu, mwenye butiki jirani yetu. Paneli zake za sola waliziiba, reli zilizozibeba waliziacha. Nilimtengenezea rafu, naye akanipa reli. Zina mfereji kila upande. Bolti inaingia, inateleza, naikaza pale ninapotaka. Miguu inakunjwa kwa bawaba, na meza nzima inafungwa nyuma ya pikipiki yangu. Wakija, naondoka nayo. Wakiikuta, haiwaki.

Waambie hayo watu wa baraza lako, wacheke vizuri.

Mtoto wako


Kasongo, 29 Machi 2024

Fabrice,

Nashukuru kwamba ninyi ni wazima. Sisi pia, ila mama yako alisoma barua mpaka kwenye mifupa ya mbuzi, akainuka, na tangu jana analia.

Mimi nina presha, lakini wewe una mkono wa kuandika. Mwaka mzima uliniandikia "kazi inaendelea". Umenifanya mzee wa kufichwa mambo. Hilo sitakusamehe leo. Wala hao sitawasamehe: mvule unakua mpaka aliyeupanda anasahauliwa jina, wao wakauchoma kwa mlo mmoja.

Na hiyo meza yako! Mtu anayetengeneza meza ya kukimbia nayo, moyo wake umekwisha kuondoka. Watoto wanaiona kila siku imekaa tayari kuondoka. Wanajifunza nini?

Hata hivyo kosa la ufundi siwezi kuliona nikanyamaza. Mbao hunenepa mvua ikinyesha na hukonda kiangazi. Alumini haijui mvua. Ukikaza ubao wa juu moja kwa moja kwenye reli, utapinda. Matundu ya bolti uyatoboe marefu, ubao upate kupumua. Miguu uishikize kwa kipande cha mshazari. Chini, kati ya miguu, funga ubao wa kukanyaga, usimame juu yake ukipiga randa. Uzito ambao alumini haina, uutoe wewe mwenyewe.

Kisha kunja kila kitu, chukua mke na watoto, mje Kasongo. Chumba kipo.

Papa yako


Kabambare, 27 Aprili 2024

Papa,

Salamu. Cécilia alikuwa na homa, sasa anaendelea vizuri. Mwambie Mama aache kulia.

Daraja lilikatika, barua yako imechelewa. Nilikuwa nimekwisha kukaza ubao, mvua ikaupinda kama mtumbwi. Nimetoboa matundu marefu, nimefunga ubao wa kukanyaga. Sasa meza haitembei. Aksanti kwa hilo. Kwa hilo tu.

Kwa maana ukurasa wa kwanza unasema meza inayokimbia inaharibu watoto, na wa pili unaniambia nikimbie. Chagua moja, Papa! Kasongo nitakuwa mutoto wa Mwalimu mpaka nizeeke. Hapa mutu akivunjikiwa na mlango anatafuta Fundi Fabrice. Siji.

Mtoto wako


Kasongo, 19 Juni 2024

Fabrice,

Mama yako anakusalimu. Barua yako ya Aprili sikuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira, nikangoja ipoe. Haijapoa. Lakini watu wanasema Kabambare imekimbiwa tena, na Pitchou hapiti. Andika neno moja. Hata tusi.

Papa yako


Wamaza, 2 Julai 2024

Papa, Mama,

Sote tuko hai.

Tuliondoka wakati wa chakula, sufuria ikabaki motoni. Meza ilipanda pikipiki. Cécilia na watoto wakatembea. Mpaka leo ananiambia, "Lala na chuma chako."

Hapa watu wamefika mikono mitupu. Nimeifungua meza uani mwa kanisa. Kazi ya kwanza ilikuwa jeneza la mama yake Bulaimu, njia ilimshinda. Nilipiga randa nikiwa na hasira mpaka ubao ukawa mwembamba mno, ikabidi nianze mwingine.

Wiki hii tunarudi. Pitchou ametoka huko, anasema nyumba zipo ila mtaa mzima milango imechomwa. Watu wanalala wazi. Usiniandikie tena habari ya chumba.

Mtoto wenu


Kasongo, 14 Julai 2024

Fabrice,

Salamu kwenu Kabambare. Huku mguu wa mama yako umepona ghafla: alikimbia mpaka kwa jirani na barua yako mkononi.

Cécilia ana haki. Mwambie baba mkwe wake ameliandika. Hakuna meza, ya mvule wala ya alumini, inayopanda pikipiki mtoto akitembea. Ungekuwa karibu ningekuchapa, na ndevu zako hizo.

Umeniambia nichague. Mlango hautengenezwi na mtu mmoja. Mmoja anashika fremu, mwingine anakaza, na mtaa wenu ni mrefu. Mama yako amenikataza kuja. Nimemkataza kunikataza. Pitchou ananibeba Alhamisi, mimi na randa zangu. Hasira nakuja nayo pia, yote. Kuna mambo nitakuambia mbele ya mke wako.

Usiikunje meza kabla sijafika.

Papa yako