Taa Nyekundu Juu ya Nyama

Mpendwa Wanjiru,

Hapa mtaani Tena tuko salama. Mjomba wako amepaka jikoni rangi, nalo goti langu limepata nafuu. Nimefurahi kusikia kwamba huko Eldoret umepata harusi ya kwanza ya kupigia muziki. Unauliza ununue nini kwanza: taa za rangi au mashine ya moshi.

Babu yako alipokuwa dijei wa mitaani, mimi nyanya yako ndiye niliyeshika swichi za taa. Kwenye harusi moja ya mchana kule Ziwani, nilifunga mapazia yote ya ukumbi nikawasha balbu nyekundu. Nilijiona fundi. Chakula kilipopakuliwa, mzee mmoja akainua sahani yake.

"Mama, hii ng'ombe bado inatembea!"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kurudisha sahani. Chini ya taa zile, nyama iliyoiva ilionekana mbichi. Mamake bi harusi, aliyepika tangu alfajiri, alisimama na mwiko mkononi, machozi yakimlengalenga.

Nikafungua pazia lililokuwa karibu na sufuria. Mzee akatazama tena, akaonja, akaomba aongezewe.

"Wewe wa mataa," mama yule akaniambia, "siku nyingine uliza kwanza tunakulia wapi."

Kwa hiyo nunua taa mbili zinazotoa pia mwanga mweupe, na zinazoweza kupunguzwa ukali. Moshi usubiri. Ukifika ukumbini, anzia kwenye meza ya chakula. Wakishashiba, watacheza hata gizani.

Ni mimi,
Shosho wako