Nilivyoziba Matundu ya Mwashi

Kamina, Jumatano, Julai 1953. Baridi kavu, jua lipo lakini halina kazi. Mwandiko huu mbaya si wa karani wa stesheni, ni wa mtu aliyekaribia kumuua mama wa mke wake.

Nianze na Jumapili, maana makosa yangu hupenda siku ya mapumziko. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kinkondja, kifua chake kimejaa miaka ya moshi wa kukaushia samaki. Nikaamua kumwonyesha nyumba ya mtu aliyesoma. Shule yangu ilikuwa miaka mitatu. Mengine niliyaokota kwenye magazeti ya kufungia sabuni.

Kuni nikazipiga marufuku ndani. Badala yake makala, yaani makaa, kwenye mbabula, lile debe letu lililotobolewa, maana makala hayatoi moshi. Kisha nikapanda juu ya meza, nikaziba kwa magunia na udongo yale matundu ya ukutani chini ya mabati. Siku zote niliamini mwashi aliishiwa matofali. Nikamwambia Marta, mke wangu, kwamba sasa hewa yetu ni safi kama ya kanisani.

Mimi na mama mkwe hatuongei ana kwa ana. Ndiyo heshima ya bukwe. Hatutazamani usoni, na chumba anacholala siingii. Akamtuma Marta: "Ambia bwana yako, miye sijazoea kulala mu sanduku. Kwetu moshi inapita mu nyasi, inaenda. Hapa itapita wapi?"

Nilicheka. Moshi gani?

Jana baridi ilizidi. Nikaagiza mbabula iwekwe chumbani kwake, imejaa, na mlango ufungwe vizuri. Zawadi ya mkwe mwema.

Leo asubuhi Marta alikwenda bombani. Mama, ambaye hufagia uwanja kabla jogoo hajajua kama kumekucha, alikuwa hajatoka. Nikasimama mlangoni pake nikakohoa, kama mkwe anavyopaswa. Kimya. Nikakohoa tena. Mara ya tatu nilitia nguvu, mara ya nne nilitia huzuni kidogo.

Mlango sikuugusa.

Nilitoka nje kutafuta mwanamke aingie kwa niaba yangu. Ng'ambo ya ua alikuwepo jirani yetu Mama Ngoie, na mimba yake ya miezi minane.

"Karani, unatafuta bibi ya nani asubuhi hii?"

Nikamweleza. Akaacha kucheka.

"Ingia weye mwenyewe."

"Ni mama mukwe yangu."

"Njo vile? Basi ngojea. Maiti haina bukwe."

Niliingia nimefumba macho, kwa heshima, nikajikwaa kwenye mbabula. Nikayafumbua. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, nikimwita hasikii. Chumbani hamkuwa na moshi. Hamkuwa na harufu hata kidogo. Hewa ilikuwa safi vile nilivyotaka, na ilikuwa inamuua.

Nikamvuta pamoja na mkeka wake. Kwenye kizingiti mkeka ukakwama, nikamshika makwapani, mimi, mkwe wake, nikamfikisha uwanjani. Nikampepea kwa kofia ya kazi. Mama Ngoie akamwagia maji usoni, huku akinitukana taratibu kwa Kiluba. Kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga, na mle ndani sikukaa hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Yeye alilala humo usiku kucha.

Hatimaye alitapika. Akafumbua macho, akaniona, akavuta pembe ya kikwembe alichojifunga akafunika uso.

Sijawahi kuona adabu nzuri kama ile.

Mchana nilipanda tena mezani, safari hii na kisu. Matundu yako wazi na baridi inaingia bila hodi. Mama amehamia jiko la nje, lile la nyasi, na moto wake wa kuni, na moshi wake unaopita paani unaenda zake. Marta hasemi nami, kwa hiyo sasa nina bukwe mbili. Ujumbe ameuleta Mama Ngoie: mama anadai kuku, kwa sababu nilimshika. Nitampa jike na jogoo.

Kinachonikaa kooni si kuku. Ni vile vikohozi vinne. Mtu anakufa nyuma ya ubao wa mlango, nami nachagua sauti.

Kama Mama Ngoie asingekuwepo pale uani, ningekohoa mpaka mara ya ngapi?